Salamu kwa Wapendwa wa Efeso

Ukimletea Mama Shemasi salamu, ujiandae kuhojiwa. Watu wengine ukiwaambia "wa Buffalo wanawasalimu" wanapunga mkono, wanasema "tumezipokea," na maisha yanaendelea. Yeye, wapi! Alikuwa anakutazama juu ya miwani na kuuliza: "Nani wa Buffalo? Ulimuona weye mwenyewe ama ulisikia? Alikuwa na koti? Alikuwa amekula?" Ukibabaika kidogo tu, salamu zako anazikataa mbele ya watu wote. "Salamu bila mutu ni upepo," alikuwa anasema, "na upepo wa Ohio unatutosha."

Sitasimulia alikozaliwa wala alikuwa binti wa nani. Kwetu ni kule juu, kwenye milima ya Kivu ya Kusini, na mwenye kujua anajua. Mimi nilimfahamu Whitehall, pale Columbus, kwenye yale majengo ya ghorofa mbilimbili yenye ngazi za chuma. Yeye alikaa chini, mimi juu yake. Nikiangusha mwiko jikoni kwangu, alinipigia simu kuuliza kama nimeanguka. Nikichelewa kurudi kutoka ghala nilikokuwa nafunga maboksi, nilikuta taa ya jikoni kwake inawaka na yeye dirishani, na kesho yake ananigombeza kana kwamba mimi ndiye niliyepanga zamu za ghala.

Alikuwa mkali, jamani. Watoto wakimjibu kwa Kingereza aliwafukuza: "Nenda uzungumze na televizyo!" Lakini siku wazazi walipoitwa shuleni, yeye ndiye aliyetamba kwenye korido kuwa watoto wetu wanasema Kingereza kama maji. Alitufundisha kusameheana, akalia akitufundisha, na huku alikaa baridi mbili nzima hasemi na mama mmoja wa kwaya kwa ajili ya sufuria iliyorudishwa imeungua. Umbea aliupiga marufuku, lakini hakuna mimba iliyomfikia mwenyewe kabla ya kumfikia Mama Shemasi. Maziwa ya dukani aliyanunua kila wiki na kila wiki aliyalaumu. "Maziwa gani haya? Hayana ng'ombe ndani."

Kanisa letu lilikuwa chumba cha chini cha kanisa la Wazungu kule Linden, mtaa mwingine wa Columbus. Wao waliabudu asubuhi, sisi tuliingia saa tisa mchana, tukitandika vitenge juu ya meza zao za kulia. Wenzetu wa mlima mmoja nasi walikuwa wametupwa huku na huku: wengine ndege ziliwashusha Louisville, wengine Buffalo, sisi Columbus. Hakuna aliyetuuliza. Nyumba moja, mama yuko mji huu, mtoto yuko mji ule. Basi Mama Shemasi akajipa kazi. Siku zake za mapumziko alipanda basi na termosi yake ya chai ya maziwa, akaenda Louisville, akarudi, mwezi mwingine akaenda Buffalo. Jumapili alisimama mbele na kutoa salamu nyumba kwa nyumba: fulani goti limepona, fulani amepata kazi ya kiwandani Tonawanda, kando ya Buffalo, fulani amejifungua na mtoto ana sikio la babu yake. Watu walilia, walicheka. Mimi nakuambia, mahubiri tulikuwa tunayasahau, lakini salamu zake tulikwenda nazo nyumbani.

Na ilikuwapo sheria moja, ya kwetu tangu zamani, ambayo yeye aliishika kuliko amri zote. Salamu ukizibeba usipomkuta mtu, huziachi njiani wala huzifichi. Unazirudisha kwa waliokutuma, unasimama na kusema: "Sikukuta mutu." Ni neno baya. Kwetu linasemwa kwa sauti ya chini, kama la msiba.

Kule juu mlimani alibaki mdogo wake wa kike, wa mwisho. Vita vilipotukimbiza, huyo alikataa kushuka. Alisema kanisa haliwezi kubaki bila hata mtu wa kufagia. Mabati yalichomwa, wakatandika nyasi, nyasi zikachomwa, wakaabudu hivyo hivyo mvua ikiwapiga. Mara mojamoja alipanda kilima kutafuta mtandao, na Mama Shemasi alikuwa anamhoji kwenye simu kama anavyotuhoji sisi: leo nani alikuja, nani alikaa wapi, nani aliimba. "Tuko wachache, dada, lakini tuko." Hilo neno Mama alilileta Linden kila liliposemwa. Sisi tuliosukuma maboksi usiku na kuosha wazee wa watu mchana, tulikuwa tunalishikilia hilo. Tulikuwa na mahali. Ukiwa na mahali, hata baridi unaiona ya kupita.

Halafu simu ya mdogo wake ikanyamaza. Wiki, mwezi, miezi. Mama alipiga kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na kila asubuhi niliisikia ile sauti ya mwanamke wa kampuni ya simu ikipanda kwenye sakafu yangu kusema mteja hapatikani. "Mutandao," alisema. "Kule mutandao ni mubovu." Mwaka ukapita hivyo.

Kazi yake ilikuwa kumtunza bibi mmoja Mzungu, mwalimu mstaafu wa Kilatini, mjane, miguu imekufa lakini kichwa kizima. Walipendana kwa namna yao. Mama hakuwa na Kingereza cha kutosha kugombana, na bibi alikuwa na masikio mabovu, donc, basi, mambo yalikwenda. Siku moja bibi akasema kwamba kabla hajafa anataka kuona ule mji wa kale wa Wagiriki na Waroma kule Uturuki, na mtu wa kusukuma kiti chake ni Mama Shemasi, hataki mwingine. Mama alipanda ngazi zangu mbio, na goti lake lile bovu!

"Unajua naenda wapi? Unajua? Efeso!"

"Efeso ipi, Mama?"

"Ziko ngapi? Efeso ya Paulo!"

Nilikaa chini. Paulo aliishi na watu wale, aliwaandikia barua, na sisi barua hiyo tumeisomewa tangu tumbo la mama. Kwetu Efeso ni jina la karibu, karibu kuliko Chicago.

Sasa msikilize kosa letu, na msicheke. Vijana wa kwaya walitafuta picha kwenye simu, wakatuonyesha: nguzo zimesimama peke yake, ukuta mmoja mrefu wenye madirisha ya hewa tupu, mawe, mawe, mawe. "It's ruins," binti yangu akasema. "Nobody lives there." Wazee wakazitazama picha hizo kwa utulivu. Mama Shemasi akasema, "Bon, paa hakuna. Na siye tuliabudu bila paa." Na wote tukaitikia amina. Maana kwetu nyumba kubomoka haijawahi kumaanisha watu hawapo. Tumeabudu chini ya turubai za kambi, tumeabudu porini, tumeabudu kwenye ubatizo wa mtoni askari wakiwa ng'ambo. Mtu akikuonyesha kanisa lililobomoka, swali letu ni saa ngapi wanaanza ibada. Hata pasta hakusita. Kanisa la mtume Paulo likose watu? Itawezekanaje?

Basi tukamtuma. Jumapili ile akinamama walileta kitambaa cha kitenge walichokishona kwa mkono, chenye msalaba katikati, cha kutandika madhabahu ya wapendwa wa Efeso, kwa sababu mgeni haendi mikono mitupu. Pasta alimwekea mikono kichwani. Tukapunga mikono yote juu: "Utusalimie!" Louisville walipiga simu kuongeza zao. Buffalo nao. Na yeye, akifunga kitambaa kile ndani ya begi, akaniambia kwa sauti ya chini: "Nikikuta watu kule, hata watatu, nitajua na mudogo yangu yuko." Hapo ndipo nilipoona ni mzigo gani amejitwisha. Nilitaka kusema kitu. Nikasema, "Mungu akutangulie."

Habari za safari alinisimulia baadaye, jikoni kwake, na sikuzipata kwa mpangilio. Jua kali, alisema. Paka wengi, wanene, wanalala juu ya mawe ya wafalme. Barabara ya marumaru inashuka mlima, inateleza, na magurudumu ya kiti cha bibi yanakwama kwenye nyufa, na yeye anavuta breki kwa kifua. Sanamu hazina vichwa. Vyoo vya mawe vimepangwa mstari, watu walikuwa wanakaa wakizungumza, bila aibu! Hapo alicheka kidogo. Bibi alikuwa anafurahi mpaka anatetemeka, anasoma maandishi ya ukutani kwa sauti, machozi yanamtoka. Na Mama anasukuma, anatazama kila uso unaopita, akitafuta wenyeji. Watalii wenye kofia. Watalii wenye kamera. Akajipa moyo: labda wako mbele.

Walipofika ule uwanja mkubwa wa ngazi za mawe unaopanda ubavu wa mlima, alimweka bibi kivulini akamuendea kiongozi wa watalii, kijana wa pale. Akamuuliza kanisa liko wapi. Kijana, kwa heshima kabisa, akampeleka penye nguzo fupi na kuta zinazofika kiunoni, nyasi katikati. "Ni hapa." Mama akavua viatu.

"Na wapendwa wanaanza saa ngapi?"

Kijana hakuelewa. Akamuuliza tena kwa kile Kingereza chake: watu, Jumapili, saa ngapi? Kijana akatikisa kichwa. Watu hapana, mama. Zamani sana. Bahari ilirudi nyuma, bandari ikajaa matope, watu wakaondoka kidogokidogo, wakaisha.

"Wakaisha," Mama alinirudia, akiwa ameshika ukingo wa sinki. "Alisema hivyo tu, kama mutu anayekuambia sukari imekwisha."

Alikaa pale kwenye jiwe na kitambaa mapajani mpaka kundi likamwita. Alijaribu kuzisema zile salamu, ili asije akawa hakufanya kazi aliyotumwa. Alifungua mdomo. Paka mmoja akamtazama. Akaufunga.

Jumapili aliporudi, chumba cha Linden kilijaa hadi kwenye ngazi. Wa Louisville walikuja na magari mawili. Wali na sombe ya majani ya muhogo vilikuwa vinangoja nyuma. Mama Shemasi akasimama mbele na kitambaa kikiwa kimekunjwa vilevile, akakiweka juu ya meza.

"Wapendwa, narudisha salamu zenu. Sikukuta mutu."

Mtoto mmoja akaangusha kijiko. Pasta akasimama haraka, akitabasamu. "Mama yetu anamaanisha, donc, kimwili. Kiroho wapendwa wa Efeso wako nasi, kanisa ni moja mbinguni na—"

"Pasta," akasema, "hamukunituma kwa roho. Mulinituma kwa watu."

Akarudi kukaa. Bibi mmoja mzee wa mlimani kwetu akaanza kulia ile sauti ya msibani, na wengine wakamfuata, na chakula kikapoa pale nyuma. Nilimkasirikia, siwezi kuficha. Nilishuka jioni ile nikampigia mlango. "Mama, ulishindwa nini kusema wanatusalimu? Nani angekwenda kuhakikisha?"

Hakunijibu kwa ukali, na hilo ndilo lililonitisha. Akanivutia kiti. Ndipo aliponisimulia yote hayo ya paka na mawe. Mwisho akasema: "Wale walikuwa na marumaru. Walikuwa na Paulo mwenyewe, alikula nao. Uwanja wao unaingiza watu wa mulima yetu wote na ng'ombe zetu. Na walikwisha. Mudogo yangu ana nini? Ana ufagio." Akaficha uso ndani ya kitenge chake. "Nilijidanganya ni mutandao. Kumbe mambo inaisha. Hata kanisa inaisha. Mbona hakuna mutu aliniambia kanisa inaweza kuisha?"

Nilimshika mabega, na yeye, mwanamke mzito vile, alikuwa anatikisika mikononi mwangu.

Tangu siku hiyo hakubeba salamu tena. Siku zake za mapumziko alilala. Simu ya asubuhi haikupigwa, na mimi huko juu nikawa naamka mwenyewe kwa kukosa ile sauti ya mwanamke wa kampuni. Tulidhani tutaendelea bila yeye, si ni salamu tu? Lakini Louisville wakaacha kujua nani anaumwa Columbus, Columbus wakasikia harusi ya Buffalo imeshapita. Vijana wakahamia makanisa yenye ngoma na skrini. Mume wangu akapata ghala jipya, tukahamia Louisville. Bibi Mzungu akafariki, na Mama akachukuliwa na mwanawe aliyeko Tonawanda, anayefanya kazi ya kiwanda. Linden pale, Wazungu walikikodisha chumba kwa wengine. Sisi wa Louisville tunasali sebuleni kwangu, nyumba chache, na kuna Jumapili ambazo ni mimi na mume wangu na televisheni iliyozimwa. Nikimpigia Mama alipokea mara moja kati ya nne, anasema yuko sawa, anasema baridi, anakata.

Baridi hii iliyopita, mwanamke mmoja aliyeko kambini Burundi, tuliyesoma naye, alinitumia ujumbe wa sauti. Hakuwa anaongea yeye. Niliusikiliza nikiwa kwenye maegesho ya ghala, nikakaa ndani ya gari mpaka msimamizi akaja kugonga kioo.

Ningeweza kumtumia Mama kwa simu. Mume wangu alisema hivyo. Lakini habari ya namna ile kwetu haitumwi, inapelekwa. Tuliendesha tukapita Columbus bila kusimama, tukakutana na theluji karibu na ziwa, tukafika Tonawanda mchana, mwanawe amelala kwa sababu anafanya zamu ya usiku. Mama Shemasi alifungua mlango yeye mwenyewe. Alikuwa amekwisha. Kitenge kilimzunguka mara mbili.

"Mama, nimekuletea salamu."

"Sitaki." Akageuka kwenda kuchemsha chai.

"Ni za mudogo yako."

Sufuria aliyoishika akaiweka chini polepole. Nikaona anaogopa kuuliza, yeye! Nikaweka simu mezani, nikabonyeza.

Sauti ilikuwa ya mwanamke mzee anayekohoa. "Dada, ni miye. Tulishuka. Wote tulishuka, tulikimbizwa usiku. Wengine nilizika njiani kwa mikono yangu. Kanisa hakuna, dada, hata mahali pake hupatambui. Usitume tena salamu kule juu, hakuna mutu wa kupokea. Miye niko hapa kambini na wajukuu. Kifua tu kinanisumbua. Kama uko muzima, sema kitu."

"Rudisha," akasema Mama.

Nikarudisha. Akainama, sikio likagusa kioo cha simu. Alitaka kurudishiwa tena, na tena. Mume wangu akatoka nje. Mwishowe akanyoosha mgongo na kusema, "Anakohoa vibaya." Halafu ndipo kilio kikamtoka. "Imekwisha! Kanisa yetu imekwisha, hata mahali hupatambui!" Alipiga meza kwa kiganja. Mwanawe akaamka akasimama mlangoni na soksi, hajui afanye nini.

Nilimwacha alie. Kisha nikashika simu, nikabonyeza pale pa kurekodi, nikamsogezea. "Anakungoja, Mama. Sema."

Yule mwanamke aliyeweza kusimama saa nzima na kutaja nyumba zote za miji mitatu bila kukosea, alifungua mdomo na neno halikuja. Alijaribu. Mdomo ulitafuta. Kilichotoka kilikuwa pumzi na kilio kidogo cha kooni, kama cha mtoto aliyechoka kulia. Kidole changu kikachoka, kikaachia, na ujumbe ukaenda hivyo hivyo. Nikataka kuufuta haraka tuanze upya. Mama Shemasi akanishika mkono. "Acha. Iende."

Tukakaa tukitazama kile kioo kidogo, sisi watatu, chai inachemka na kumwagika nyuma yetu. Sijui ilikuwa saa ngapi kule kambini. Zile alama mbili za kuonyesha ujumbe umefika zilibaki kijivu, zikabaki, na mimi nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia kwamba labda ni mtandao, nikaona haya, nikayaacha. Ndipo zikageuka buluu. Kule mtu alikuwa ameshika simu, anamsikiliza dada yake analia. Na kabla hatujasema kitu, chini ya jina pakaandikwa kwamba anarekodi. Mama Shemasi akaichukua simu kwa mikono miwili, akaikumbatia karibu na uso, akangoja.